Kununua boti ya pantoni iliyotumika Kisumu: kagua mapipa kwanza, injini baadaye

Ukishuka Dunga au Usoma asubuhi utakuta boti za mbao zimejipanga, kila moja na injini yake nyuma. Boti ya pantoni ni chombo cha aina nyingine. Ni sakafu bapa iliyokaa juu ya mapipa marefu ya alumini, mawili au matatu, yenye viti pembeni, uzio wa kiunoni na paa la turubai. Mgeni huingia kwa kutembea, hana haja ya kuruka. Bibi wa miaka themanini hukaa bila hofu, mtu wa kiti cha magurudumu husukumwa hadi ndani, na kamera haitikisiki. Kwa kazi ya kutembeza watu, kuangalia ndege na viboko, au kufanyia sherehe ndogo majini, sijaona chombo kinachoishinda kwenye maji yaliyotulia.

Mpya ni ghali, kwa hiyo wengi wetu tutanunua iliyotumika: ya loji inayobadilisha vyombo, ya mtu aliyeiagiza nje kisha akahama, au iliyokuwa Pwani. Muuzaji karibu kila mara atakutajia bei moja, boti na injini pamoja. Hapo ndipo hasara nyingi zinapoanzia. Injini inayong'aa huuza mapipa yaliyooza, na mnunuzi huigundua siri hiyo akiwa tayari ameshalipa. Mwambie akupe bei mbili, ya boti peke yake na ya injini peke yake. Akikataa kuzitenganisha, zitenganishe wewe mwenyewe kichwani na ukague kana kwamba unanunua vitu viwili kwa watu wawili tofauti. Injini ni kitu cha kuchakaa, hubadilishwa. Mapipa ndiyo boti yenyewe.

Hatua ya 1: Yajue maji yako kabla ya kuijua boti

Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria unaoingia hadi Kisumu, ina tabia yake. Asubuhi maji hulala. Kuanzia mchana upepo wa ziwani huvuma kutoka magharibi kuja Kisumu, na mawimbi yake ni mafupi na yanafuatana haraka. Boti ya pantoni haina pua ndefu ya kupanda wimbi. Wimbi likitoka mbele hugonga chini ya sakafu. Likitoka nyuma, nawe unarudi nyumbani jioni huku limekusukuma, ncha za mapipa zinaweza kuzama kwenye mgongo wa wimbi lililo mbele na maji yakapanda sakafuni. Ikiwa abiria wote wamekusanyika mbele kupiga picha, hatari hiyo huongezeka mara moja.

Kwa hiyo nasema wazi: pantoni ya mapipa mawili ni ya kutembea karibu na ufuo, Dunga, Hippo Point, kuelekea Kisiwa cha Ndere siku yenye hali nzuri, na kurudi kabla upepo haujachachamaa. Haikuundwa kutoka nje ya ghuba kwenda Mfangano. Kama safari yako ni ya huko, acha kusoma hapa na utafute boti ya pua ndefu, ya mbao au ya faiba.

Naivasha, kwenye Kaunti ya Nakuru, pantoni inafaa sana kwa sababu safari nyingi ni fupi, ingawa nako upepo wa alasiri si wa kuchezea. Ziwa Nakuru na Elementaita usiyaweke kwenye hesabu. Maji yao ni ya magadi, na magadi hula alumini.

Jambo la pili la Winam ni magugu maji. Hutembea na upepo, leo yako Kendu Bay, kesho yamefunga gati lako. Pantoni ina udhaifu hapa ambao wauzaji hawautaji: nafasi iliyo kati ya mapipa huyameza magugu na kuyapeleka moja kwa moja kwenye propela. Jambo hili litarudi tukifika kwenye injini.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mzigo nyumbani

Chukua karatasi. Pipa la kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 6 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 1.7. Mita moja ya ujazo ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ina uzito wa kilo 1,000, kwa hiyo mapipa mawili yanaweza kubeba takriban kilo 3,400 kabla ya kuzama kabisa. Lakini boti haiendeshwi ikiwa imezama. Kanuni nzuri ni kwamba ikiwa imejaa mzigo, mapipa yazame nusu tu. Umebaki na kilo 1,700.

Toa uzito wa boti yenyewe, yaani mapipa, fremu, plaiwudi, viti na paa. Boti ya urefu huo inaweza kufika kilo 800. Toa injini ya kilo 110. Toa mafuta, betri, nanga, jaketi okozi na kreti za soda, tuseme kilo 90. Zimebaki kilo 700. Ukigawa kwa kilo 75 kwa kila mtu mzima unapata watu tisa, nahodha akiwemo.

Muuzaji akikuambia "hii inabeba kumi na wanane bila shida," unajua la kumjibu. Ukitaka watu wengi zaidi, tafuta yenye mapipa matatu. Pipa la tatu huongeza nusu nzima ya uwezo wa kuelea, na pia huifanya boti isilale upande inapokata kona.

Boti nyingi zilizotengenezwa Marekani huwa na kibati karibu na usukani kinachotaja idadi ya watu, uzito na nguvu ya juu kabisa ya injini inayoruhusiwa. Kisome, na ukipige picha. Kama kimeng'olewa, uliza kwa nini.

Hatua ya 3: Mapipa

Hapa usiwe na haraka. Omba boti itolewe majini, ikae juu ya trela au magogo, uweze kulala chini yake na tochi. Muuzaji asiyetaka itolewe amekwisha kukujibu.

Anza na ncha za mbele na sehemu ya chini kabisa, ile inayokwaruza mawe ikisukumwa ufuoni. Kubonyea kidogo si kitu. Kubonyea kwenye mstari wa mchomeleo ni kitu kikubwa, kwa sababu hapo ndipo nyufa huanzia. Pitisha kidole juu ya kila mchomeleo, hasa pale vishikio vya fremu vilipounganishwa na pipa. Boti ikipigwa na mawimbi, nguvu yote hupitia hapo. Ukiona gundi, silikoni au rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu, ikwangue kwa ukucha na uulize: "Mzee, hapa palizibwa lini, na nani alipaziba?"

Kisha tafuta alumini iliyoliwa. Huwa na madoa meupe yenye unga, na chini yake vishimo vidogo kama vya sindano. Sababu ni tatu hivi. Ya kwanza ni chumvi, kama boti ilifanya kazi Mombasa, Kilifi au Lamu. Ya pili ni rangi ya chini yenye shaba, ile inayopakwa boti za mbao au faiba kuzuia viumbe wa majini. Shaba na alumini zikikutana majini, alumini ndiyo hulika. Ya tatu wengi hawaijui: plaiwudi iliyotiwa dawa yenye shaba ikilazwa moja kwa moja juu ya fremu ya alumini hufanya kazi hiyo hiyo polepole kutoka juu. Kwa hiyo angalia pia mahali sakafu inapogusana na fremu.

Sasa maji ya ndani. Mapipa mengi yamegawanywa ndani kuwa vyumba, mara nyingi vitatu, ili kimoja kikitoboka vingine vielee. Mengine yana vizibo vya kutolea maji nyuma, mengine yamefungwa kabisa. Gonga pipa kwa fundo la kidole kuanzia mbele hadi nyuma. Lenye hewa hulia, lenye maji hunyamaza. Fungua vizibo. Kikombe kimoja cha maji ni jasho la hewa tu. Ndoo ni tundu.

Kuna kipimo kimoja rahisi kuliko vyote, nacho hakihitaji fundi. Irudishe boti majini jioni, tupu, mahali palipotulia. Bandika utepe kwenye kila pembe, pembe zote nne, usawa kabisa wa maji. Lala. Asubuhi kabla ya upepo rudi uangalie. Pembe moja ikiwa imeshuka hata upana wa vidole viwili, chumba kimoja kinavuja, na sasa unajua ni kipi.

Ukitaka kulipata tundu lenyewe, jaza hewa kupitia kizibo na upake maji ya sabuni kwenye michomeleo, povu litakuonyesha. Lakini tumia pampu ya baiskeli, wala si kompresa ya magurudumu. Presha isizidi pauni 2 au 3 kwa inchi ya mraba. Inaonekana ndogo, lakini pauni 3 tu kwenye kifuniko cha pipa la sentimita 60 ni msukumo wa karibu kilo 600. Kompresa ya gereji inaweza kulipasua pipa na kumuumiza aliyesimama mbele yake.

Tundu dogo halimaanishi uiache boti. Linamaanisha bei ishuke na fundi anayefaa apatikane. Alumini haichomelewi kwa mashine ya vijiti inayotengeneza mageti. Inahitaji mashine ya gesi ya agoni na mtu aliyeizoea, na aliyeweka kiraka kwa njia nyingine amekuongezea kazi. Mwite fundi huyo aangalie kabla hujalipa na akupe gharama kwa maandishi. Hiyo ndiyo silaha yako ya kupunguzia bei.

Utakutana pia na pantoni za hapa nyumbani zilizoundwa kwa mapipa ya chuma ya lita 200. Pipa moja la aina hiyo hubeba karibu kilo 180, na bati lake ni jembamba, kutu hulimaliza kutoka ndani usipoona. Kwa jukwaa la vizimba vya samaki zinaweza kufaa. Kwa kubeba abiria, hapana.

Hatua ya 4: Sakafu, kwa haraka

Tembea kila futi ya sakafu kwa uzito wa kisigino. Panapobonyea, plaiwudi imeoza chini ya zulia. Pembe za nyuma na karibu na geti la mbele ndizo huanza. Sakafu nzima inaweza kubadilishwa kwa plaiwudi ya kustahimili maji ya milimita 18 au 19, ni kazi ya siku chache, kwa hiyo isikutishe. Kinachopaswa kukutisha ni fremu iliyopinda. Funga uzi kutoka mbele hadi nyuma na uone kama vyuma vya kukingama viko sawa. Kisha shika kile kisanduku kinachobeba injini na ukitikise kwa nguvu zako zote. Kisicheze.

Hatua ya 5: Chagua aina ya injini kabla ya kuangalia injini ya muuzaji

Kwanza nguvu. Kisumu iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Pwani, na injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Injini iliyoandikwa nguvu farasi 40 hapa hukupa kama 36. Naivasha, karibu mita 1,890, hukupa kama 33. Watu wanaoleta boti kutoka Pwani hulalamika kwamba "injini imekufa njiani," kumbe ni hewa tu.

Kwa boti ya mita 6 yenye watu tisa, inayotembea polepole, nguvu farasi 15 zingetosha siku isiyo na upepo. Lakini siku hiyo si ya kupangia. Paa na uzio wa pantoni hushika upepo, na unahitaji akiba ya kurudi gatini upepo ukikuchapa ubavuni. Kwa Winam mimi sishuki chini ya 40, na 60 ni bora. Kwa Naivasha karibu na ufuo, 30 hadi 40. Usizidishe kile kilichoandikwa kwenye kibati.

*Mipigo miwili (two-stroke).* Hii ndiyo injini ya wavuvi wetu, na Yamaha Enduro utaiona kila ufuo kuanzia Usenge hadi Homa Bay. Faida zake ni za kweli: ni nyepesi, vipuri vipo hadi mashinani, na fundi wa ufuoni anaifungua na kuifunga macho yakiwa kwingine. Lakini kwa pantoni ya watalii ina matatizo mawili. Inakula mafuta, na inataka oili ichanganywe. Nyingi hutumia uwiano wa 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, na anayekadiria kwa macho huiua. La pili ni zito zaidi. Haipendi kutembea polepole kwa muda mrefu. Ukiwa unaviambaa vichaka vya mafunjo ukitafuta ndege, plagi zinaingia masizi, injini inakohoa, moshi unawarudia abiria. Mwinuko wetu huongeza tatizo, kwa sababu kabureta iliyopangiwa usawa wa bahari hutoa petroli nyingi kupita hewa iliyopo. Fundi anaweza kuweka jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo zaidi, na anapaswa kufanya hivyo.

*Mipigo minne (four-stroke).* Kwa biashara ya abiria hii ndiyo ninayoipendekeza. Ni kimya kiasi kwamba mwongozaji anaongea bila kupiga kelele, haiachi utando wa oili majini, na inaweza kutembea polepole mchana kutwa. Ikitumika kwa nguvu zote, injini ya petroli ya 40 hula karibu lita 15 kwa saa, na ya mipigo miwili yenye kabureta hula zaidi. Tafuta yenye mfumo wa kunyunyiza mafuta unaoongozwa na kompyuta, kwa sababu hujirekebisha kufuatana na hewa. Haikurudishii nguvu zilizopotea, lakini haitoi masizi. Ubaya wake: ni nzito zaidi, inataka oili safi kila saa 100 za kazi, na haivumilii petroli yenye maji. Weka chujio la kutenganisha maji na mafuta, hasa kama unanunua petroli kwa mitungi.

Kama unaweza kuchagua, chukua ile yenye giaboksi kubwa na propela pana, iliyotengenezwa kwa boti nzito za mwendo mdogo. Yamaha na Mercury huziuza kwa nguvu farasi 60 na karibu na hapo. Pantoni ni mzigo wa kusukuma, mbio si kazi yake. Na hakikisha injini inajiinua kwa swichi. Magugu yakijisokota kwenye propela, nahodha anapaswa kurudisha gia nyuma ili propela iyatapike, kisha ainue injini aone. Wa kuinua kwa mikono kilo 110 akiwa ameinama juu ya maji yenye viboko, simwoni.

*Umeme.* Wengi huidharau, lakini pantoni ndiyo boti inayofaa zaidi kwa umeme. Paa lake ni pana, mita za mraba 12 hadi 15, na linaweza kubeba paneli za sola za wati 1,500 bila taabu. Kwa jua la Kisumu hizo huingiza karibu uniti 7 kwa siku nzuri. Mota ya kilowati 5 ikiendeshwa kwa nguvu zote humaliza betri ya uniti 10 kwa saa mbili. Punguza mwendo kwa nusu, na betri hiyo hiyo huenda mara kadhaa mbali zaidi, kwa sababu nguvu inayohitajika hushuka haraka kuliko mwendo. Mwinuko hauigusi mota. Tena ndege hawaruki.

Hata hivyo kilowati 5 ni kama nguvu farasi 7 tu, na upepo wa saa tisa alasiri hautakuonea huruma. Kwa safari fupi za asubuhi kutoka Dunga au kwenye loji ya Naivasha, ninaiunga mkono kabisa, mradi kuna injini ndogo ya petroli ya akiba. Jambo moja tu: usinunue betri za lithiamu zilizotumika kutoka kwa mtu usiyemjua. Boti nunua kuukuu, betri nunua mpya.

*Dizeli ya ndani.* Ni nzito mno kwa pantoni ya ukubwa huu. Tusipoteze muda.

Hatua ya 6: Kagua injini yenyewe

Mpigie muuzaji simu mapema: "Ndugu, naomba usiiwashe injini kabla sijafika." Ukifika, weka mkono juu yake. Ikiwa ina joto, ameificha namna inavyowaka baridi. Subiri ipoe.

Kabla ya kuiwasha, legeza skrubu ya chini ya giaboksi na uache matone machache yaangukie kwenye karatasi nyeupe. Oili nzuri ni angavu au nyeusi kidogo. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Katika ziwa letu chanzo mara nyingi ni uzi wa nyavu: unajisokota nyuma ya propela, unakata sili (mpira wa kuzuia maji), maji yanapita. Vua propela uangalie shafti. Ukikuta uzi umekazwa pale, giaboksi hiyo haijafunguliwa kwa muda mrefu. Kisha zungusha shafti kwa mkono huku jicho likiwa kwenye ncha yake. Ikiyumba, imepinda kwa jiwe.

Toa plagi zote na upime kompresheni, yaani nguvu ya kukandamiza hewa, ya kila silinda. Namba yenyewe hutofautiana kwa injini na kwa mwinuko. Cha muhimu ni silinda zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10. Ukipata moja imeshuka sana, mazungumzo ya bei ya injini yameisha.

Ikiwaka, tazama ule mkondo mdogo wa maji unaotoka pembeni. Uwe na nguvu na usikatike. Ukiwa dhaifu, huenda ni mpira wa pampu tu, uliochakazwa na mchanga, na hubadilishwa kwa gharama ndogo. Lakini injini ya Pwani inaweza kuwa imejaa chumvi kwenye njia zake za ndani, na hiyo ni habari nyingine.

Pima pia urefu wa mguu. Pantoni nyingi zinataka mguu mrefu, wa inchi 20, na nyingine kubwa zinataka inchi 25. Injini ya boti ya mbao yenye mguu wa inchi 15 ukiifunga hapo, propela itavuta hewa kila unapokata kona.

Hatua ya 7: Itie majini ikiwa na mzigo

Nahodha peke yake na muuzaji si jaribio. Jaza watu, au magunia ya mchanga ya uzito ule uliouhesabu. Nenda alasiri upepo ukiwepo. Kata kona kali kushoto na kulia, rudi nyuma, simama ghafla, tembea polepole dakika ishirini, kisha fungua mafuta hadi mwisho.

Hapo soma mizunguko. Kitabu cha injini hutaja kiwango, na nyingi za mipigo minne hutaka kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Ikiwa na mzigo inaishia 4,400, propela ni kubwa mno kwa hewa yetu. Kupunguza pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja, kwa inchi moja huongeza mizunguko 150 hadi 200 hivi. Kubadilisha propela ni gharama ndogo, na injini inayolemewa kila siku haidumu.

Hatua ya 8: Karatasi, kisha pesa

Wizi wa injini za boti ni jeraha la kweli ziwani. Mvuvi akiibiwa injini, amepoteza shamba lake. Usiwe wewe wa kuinunua. Namba ya injini iko kwenye kibati cha kishikio chake. Ikiwa kibati kimekwanguliwa au ribiti ni mpya, ondoka. Linganisha namba na risiti au karatasi za forodha, kisha uende kwenye ofisi ya BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya ufuo ambako boti imekuwa ikifanya kazi na uulize kwa heshima: "Jaduong', injini hii mnaijua? Ni ya nani?" Watu wa ufuo huzijua injini. Jibu utalipata, na hata kimya chao ni jibu.

Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, ndiyo inayokagua na kusajili vyombo vya majini, na ina ofisi Kisumu. Mwombe muuzaji cheti chake, uhakikishe kwamba jina ni lake na maelezo ya boti yanalingana. Uliza ofisini mahitaji ya chombo cha abiria kabla ya kulipa. Wao ndio watakaoandika idadi ya watu unaoruhusiwa kubeba, na namba yao ndiyo inayofuatwa, hata kama hesabu yako ya Hatua ya 2 ilitoa zaidi. Bima nayo itafuata karatasi hizo.

Andikeni mkataba wa mauzo mbele ya wakili, wenye namba ya boti na namba ya injini, kila moja na bei yake. Toa arubuni ndogo. Salio ulilipe boti ikiwa imepita usiku wa utepe na jaribio la mzigo, si kabla. Lipa kwa benki au M-Pesa, ushahidi ubaki.

Kama inasafirishwa kutoka Pwani, kumbuka pantoni nyingi zina upana wa futi 8 na nusu, na tafuta trela ya kuikalia vizuri. Injini ya mipigo minne isafiri imesimama, au ilazwe upande ule tu uliotajwa kwenye kitabu chake. Ikilazwa vibaya, oili huingia kwenye silinda.

Hatua ya 9: Wiki ya kwanza

Usiulize muuzaji alibadilisha lini. Badilisha wewe: oili ya injini na chujio lake, oili ya giaboksi, mpira wa pampu, plagi, mipira ya mafuta. Kama kuna madini ya kujitoa mhanga, yaani vipande vinavyoliwa badala ya alumini, yaliyofungwa kwenye injini au mapipa, yale ya zinki ya baharini yatoe na uweke ya magnesiamu, kwa sababu zinki haifanyi kazi vizuri kwenye maji baridi.

Ndani ya boti kuwe na jaketi okozi ya kila kichwa, na za watoto zenye saizi yao. Kuwe na nanga yenye kamba ndefu, propela ya akiba na spana yake, na kisu cha kukatia nyavu na magugu. Ongeza kasia mbili ndefu, kwa sababu pantoni iliyozima injini ina paa kubwa kama tanga na upepo wa Winam utaipeleka unakotaka wenyewe.